Maswali ya Wasomaji: Grendizer Imezeeka, au Nimezeeka Mimi?

SWALI: Mhariri, salamu kutoka Maskati. Nilipokuwa mdogo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mimi na kaka zangu hatukukosa katuni ya Grendizer, ambayo tuliitazama kwa Kiarabu ingawa nyumbani tulizungumza Kiswahili, kwa kuwa wazee wetu walitoka Unguja. Mwezi uliopita niliitazama tena pamoja na wanangu, kwa Kijapani chenye tafsiri ya maandishi, sehemu tano kwa usiku mmoja. Wao walicheka, nami nilichoka kabla ya sehemu ya tatu kwisha. Je, tulipenda kitu duni kwa sababu tu hatukuwa na kingine?

JIBU: Ndugu msomaji, uchovu wako una sababu, na ya kwanza ni hizo sehemu tano kwa usiku mmoja. Grendizer, iliyobuniwa na Go Nagai na kutengenezwa na kampuni ya Toei, ilionyeshwa Japani kuanzia Oktoba 1975 hadi Februari 1977, sehemu moja kila wiki, hadi zikatimia 74. Wachoraji waliokuwa wakikimbizana na wiki walijiwekea akiba ya picha za kutumia tena na tena: shujaa akiruka na kubadilika mavazi, roboti ikichomoka kutoka katika chombo chake cha kurukia. Mtoto aliyesubiri siku saba huyapokea marudio hayo kama kiitikio cha wimbo anaoujua, ilhali anayetazama mfululizo huona uvivu mtupu. Hapo wanao hawana kosa. Hata mapigano yenyewe hufuata njia ileile: dude la maadui kutoka Vega huja, huelekea kushinda, kisha huangamizwa.

Ila sidhani kwamba mlichokipenda kilikuwa chuma peke yake. Duke Fleed, shujaa wa katuni hiyo, ni mwana wa mfalme ambaye sayari yake imeangamizwa na majeshi ya Vega. Akatoroka na roboti Grendizer, akafika duniani, akapokewa na Profesa Umon aliyemfanya mwanawe na kumpa jina la Daisuke. Anafanya kazi katika shamba la mifugo, anaficha asili yake, na vita vinapomfuata huko alikokimbilia, hataki kupigana. Mtoto huona pembe za roboti na kusubiri zirushe umeme. Huyu kijana anayeinamisha uso anapoulizwa kwao ni wapi humpita tu. Wewe uliyelelewa na watu walioacha nyumba Unguja, katika mji ambao wengi walirejea baada ya 1970 wakiwa na Kiswahili vinywani, utamwelewa kuliko hao kaka zako walivyomwelewa wakati ule, na kuliko mimi pia.

Jambo la pili ni sauti, na hapa nakulaumu kidogo. Katuni uliyoipenda haikuwa ya Kijapani. Ilitiwa sauti Lebanoni, nchi iliyokuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwa Kiarabu fasaha. Jihad al-Atrash ndiye aliyemsemea Duke Fleed, na Sami Clark akauimba wimbo wa kufungulia. Kwa mtoto aliyekuwa akisikia Kiswahili jikoni na Kiarabu cha mitaani nje, huenda shujaa huyo alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kumwonyesha kwamba Kiarabu cha vitabuni kinaweza kutumika kwa kukasirika, kuomba na kuaga. Ukiiondoa sauti hiyo, unatazama kazi nyingine iliyochorwa kwa picha zilezile.

Kwa hiyo itafute ile ya Kiarabu. Tazama sehemu ya kwanza, kisha ngoja wiki nzima kabla ya kufungua ya pili, hata wanao wakikusihi. Ukishindwa kuzimaliza zote, ruka chache za mapigano yanayofanana, lakini usiikose ya mwisho, ambapo Daisuke na dada yake Maria wanaondoka kurudi Fleed, sayari waliyodhani imekufa. Ikiwa mmoja wa wazee wako yu hai, mkaribishe sebuleni siku hiyo.