Kutu ya Peugeot 504: Kata Mpaka Bati Ling'ae

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tanga alinitumia picha ya mlango wa Peugeot 504 ya marehemu babake, rangi mpya ikiwa imevimba malengelenge sehemu ya chini, akaniuliza ni puti gani, ule ujazo laini wa kuziba mashimo ya bodi unaokauka ukawa mgumu, iliyo bora. Swali hilo liliniuma, kwa sababu miaka sita iliyopita nilimuuliza fundi mmoja wa bodi hapa Mombasa swali hilohilo, nikamlipa alichotaka, naye akanirudishia gari linalometameta.

Gari lenyewe alilinunua Mzee wangu mwaka 1982, akiwa angali na kumbukumbu ya 504 zilizoshinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Masika ya pili baada ya kazi ya fundi yule, kipande cha puti cha ukubwa wa kiganja kilibanduka chini ya mlango wa dereva. Ndani yake mlikuwa na magazeti yaliyosokotwa, na nyuma ya magazeti kutu ambayo haikuguswa hata kwa brashi ya waya. Mzee alikiokota kipande kile, akakitazama, akaingia ndani bila kusema neno. Siku hiyo niliapa kwamba hakuna mtu mwingine atakayeigusa bodi ya gari lile.

Nilianza na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, nikaipitisha polepole kwenye madigadi na chini ya milango: isiposhika, hapo pana puti, si chuma. Kisha nilikata kwa grenda, nikaendelea kukata kupita nilivyodhani inatosha, hadi nikafika kwenye bati safi linalong'aa pande zote. Hapa ndipo wengi wetu huingiwa na huruma, tukabakiza ukingo uliokwisha kuliwa, na kutu ikaanzia papo hapo tena.

Kiraka nilikitengeneza kwa bati jeusi, yaani lisilopakwa zinki, la milimita 0.9. Tafadhali usitumie mabati ya kuezekea, kwa kuwa zinki yake ikichomwa hutoa moshi unaoleta homa. Ondoa betri, viti na zulia, weka ndoo ya maji karibu, kisha chomelea nukta moja moja kwa mashine ya waya na gesi, ukiruka kutoka upande huu hadi ule ili bati lipoe lisipinde. Ile ya vijiti hutoboa bati jembamba. Nilijaribu, nikaharibu viraka viwili.

Praima ya epoksi, ile rangi ya kwanza inayokinga bati lisipate kutu, ipakwe siku hiyohiyo. Mimi niliiahirisha usiku mmoja tu, na kwa hewa hii ya chumvi nililikuta bati asubuhi limekuwa jekundu. Puti huja juu ya praima, tena iwe nyembamba, maana hufyonza maji.

Lililo muhimu kuliko yote halionekani: moto wa kuchomelea huunguza rangi ya upande wa ndani, kwa hiyo nyunyiza nta humo kupitia vitundu vya kutolea maji, na uhakikishe vitundu vyenyewe vimebaki wazi. Fundi wangu alikuwa ameviziba vyote.

Ndugu yangu wa Tanga, usinunue puti bado. Pitisha sumaku kwenye mlango ule kwanza, kisha uniandikie ni wapi ilipokataa kushika.