Usifukie shina: niliyojifunza kwa mimea ya tangi la samaki

Mmea wangu wa kwanza kwenye tangi la samaki ulikuwa anubiasi, na nusura niuue. Niliupanda kama ninavyopanda mche bustanini: nikachimba changarawe, nikaufukia mpaka shingoni, nikaubana usielee. Baada ya wiki chache majani yakaanza kuwa manjano, moja baada ya jingine. Nilipoung'oa, shina lilikuwa laini kama kitunguu kilichooza, na harufu yake ikajaa sebule nzima.

Anubiasi asili yake ni Afrika ya Magharibi na ya Kati, kwenye vijito vya msituni, ambako hushika mizizi juu ya mawe na magogo. Shina lake nene hulala kama tangawizi, na likifukiwa huoza. Nilichukua wembe nikakata sehemu yote iliyolainika mpaka nikafika penye ugumu, nikabaki na kipande cha urefu wa kidole chenye majani mawili. Nikakifunga juu ya jiwe kwa mshipi wa kuvulia samaki, bila kukaza sana. Karibu mwezi mzima hakikuonyesha dalili yoyote. Kisha asubuhi moja nikaona kichipukizi, jani limejikunja kama karatasi iliyoviringishwa, la kijani kibichi kabisa. Mmea huo ninao mpaka leo, nami nimeshaugawa mara tatu.

Kosa la pili ni mwanga, na hili naliona kwa karibu kila anayeanza. Tunadhani mwanga ukizidi ndio mmea unastawi. Tangi langu nililiweka karibu na dirisha linalopigwa na jua la asubuhi, na taa nikaiacha inawaka mpaka usiku. Kioo kikavaa utelezi wa kijani, na majani yakashika mwani mweusi kama nywele. Mmea hautumii mwanga peke yake. Unahitaji pia hewa ya kaboni na chakula, na hivyo vikiwa haba, mwanga unaobaki huwa karamu ya mwani. Ondoa tangi kwenye jua, na taa uanze na saa 6 kwa siku. Mimea ikionyesha kukua, ongeza taratibu, ila usizidi saa 8. Kama unaweza, nunua soketi yenye taima. Mimi kabla ya kuwa nayo nilikuwa nasahau kila siku.

Maji nayo yana neno. Hapa Dar es Salaam wengi tunatumia maji ya kisima, na mengi ni magumu, yaani yana madini mengi, mengine yana chumvi kabisa. Usihangaike kuyabadilisha kwa dawa. Chagua mmea unaoyavumilia. Valisneria, ule wenye majani marefu kama utepe, hukua hata ndani ya Ziwa Tanganyika, ambalo pH ya maji yake (kipimo cha uchachu, ambapo 7 ni katikati na zaidi ya hapo si machachu) inakaribia 9. Huu ni wa mizizi, kwa hiyo wenyewe unaupanda kwenye changarawe, ila pale majani yanapoanzia pabaki wazi. Ukitulia, unatambaa kama marando ya viazi na kuotesha watoto kila upande.

Usishtuke mmea mpya ukipukutisha majani. Mingi hukuzwa shambani majani yakiwa hewani, na ikizamishwa lazima iote majani mengine ya majini. Kata yaliyooza, mizizi usiiguse. Watu wengi huung'oa wiki ya pili na kuutupa, kumbe ulikuwa ndio unaanza kuzoea.

Kuhusu njaa, angalia manjano yameanzia wapi. Yakianza kwenye majani ya zamani, mara nyingi naitrojeni imepungua. Majani machanga yakitoka meupe-meupe, shuku madini ya chuma. Mbolea ya bustani usiiweke, maana nyingi ina amonia, na amonia huua samaki.

Jambo moja linaniuma, kwa hiyo nalisema: umeme ukikatika usiku. Gizani mimea nayo hutumia oksijeni, na maji ya joto la huku hubeba oksijeni kidogo. Tangi lenye mimea mingi na samaki wengi, pampu ikisimama, alfajiri unakuta samaki wako juu wanahema. Nimepoteza samaki hivyo. Sasa nina pampu ndogo ya betri. Kabla yake nilikuwa nachota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu, tena na tena, mpaka umeme urudi.

Ukipunguza mimea, mabaki usiyatupe mtoni wala mtaroni. Gugumaji lililotesa wavuvi wa Ziwa Victoria asili yake ni Amerika Kusini, nalo lilienezwa na watu kama pambo. Mabaki yangu nayaanika juani mpaka yakauke kabisa, kisha nayaweka kwenye shina la mlimao. Maji ninayopunguza kila Jumamosi, robo ya tangi, namwagilia mchicha.