Kikande wa Picasso umuweke na nani?

Mkuu nimekusoma, una kikande wa Picasso (samaki wa baharini, kwa Kiingereza triggerfish) wa sm 12 kwenye tangi la lita 300, kamba wako wote kashawamaliza na sasa unataka umuwekee klaunifishi (vile visamaki vidogo vya baharini) wawili. Usiweke. Meno yake ni ya kuvunjia kaa na kome, kwa hiyo kamba, kaa, konokono wote kwake ni msosi, na samaki mdogo mpole atakatwa mapezi hadi afe.

Tafuta waliomzidi kidogo umbo na wasiotishika: tasi (rabbitfish) yuko poa sana, kangaja (surgeonfish) pia, hata mkunga mdogo (yule samaki mrefu kama nyoka) ila tangi lifunikwe vizuri maana mkunga anatoroka balaa. Wenye mapezi marefu yanayopepea achana nao. Kikande mwingine ndo kabisaa.

Ila huyo kikande wako anaweza kufika karibu sm 30, lita 300 ni finyu, mi ningetafuta tangi la lita 500 hivi ndo niongeze mtu. Siku ya kuingiza mgeni hamisha mawe yote ili mwenyeji asijue tena kwake ni wapi, mlishe ashibe kwanza, na ukipata kizuizi chenye matundu watenge siku kadhaa waonane tu. Akimkimbiza mgeni mfululizo mpaka mgeni hali chakula, toa mmoja hapohapo usisubiri eti watazoeana.

Halafu tasi ana miiba yenye sumu, usimshike kwa mkono. Akikuchoma loweka palipochomwa kwenye maji ya moto yasiyounguza, uvimbe ukizidi au pumzi ikibana wahi hospitali.