Wazee wanapanda meli ya utalii Florida: kipimo cha Korona wasikifanyie Moshi

Kwa wanaoingia sasa: mleta mada ana wazee wake Marangu. Kaka yake aliyeko Marekani amewaalika Desemba hii ya 2022 wapande meli ya utalii kutoka Florida, ipite Mfereji wa Panama mpaka California. Barua ya kampuni ya meli inadai vitu viwili, cheti cha chanjo ya Korona na kipimo kisichozidi siku tatu kabla ya kupanda. Anauliza wapimwe Moshi au Arusha. Kuna mchangiaji hapo juu kamjibu wapimwe uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) siku ya safari, basi, kazi imekwisha.

Mkuu, huo ushauri wa KIA uache. Mei mwaka huu nilimsindikiza mama yangu safari ya namna hiyo, tukitokea Moshi, dada akitusubiri Miami, kwa hiyo nakujibu kwa yale tuliyopitia na yale yaliyobadilika tangu hapo. Cheti cha chanjo ndicho cha kushughulikia Moshi, tena anzeni wiki hii. Kipimo cha meli wakafanyie kule kule Florida.

Sababu ni hesabu ya siku. Wengi wetu tunahesabu kuanzia siku tunayotoka nyumbani kwenda mbele, wakati meli inahesabu kuanzia siku ya kupanda kurudi nyuma. Tuseme meli inang'oa nanga Jumamosi. Siku tatu zao ni Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Jumamosi yenyewe haimo. Na saa inayoangaliwa ni ile sampuli ilipochukuliwa puani, siyo ile majibu yalipotoka. Sasa wachukue wazee wako: washuke kutoka Marangu, wafike KIA, walale angani mpaka Doha au Addis Ababa au Amsterdam, wangoje ndege ya pili, wavuke Atlantiki. Ni zaidi ya siku nzima barabarani na angani. Ukiwapima Moshi Jumatano na wakaruka Alhamisi, kwenye karatasi utaona hesabu imetimia, lakini hapo umemtegemea kila rubani, kila mpokea mizigo na kila mtu wa maabara afanye kazi yake bila kuchelewa hata kidogo. Ndege moja ikikwama, kipimo kimepitwa na meli imeondoka. Wazee wa umri huo hawatakiwi kufika mji wa bandari siku moja kabla ya meli hata kama Korona isingekuwepo. Wafike mapema, walale, miguu iliyovimba kwenye ndege ishuke, halafu ndipo wapimwe.

Huyo aliyesema KIA nadhani anachanganya kipimo cha ndege na kipimo cha meli. Ni vitu viwili, vina wenyewe wawili. Sisi tulisafiri wakati Marekani bado inadai kipimo kwa kila anayeruka kwenda kwao. Sharti hilo lilianza 26 Januari 2021 likiwa la siku tatu, kuanzia 6 Desemba 2021 likabanwa kuwa siku moja, na likaondolewa 12 Juni 2022. Kwa hiyo mama alipimwa mara mbili: Moshi kwa ajili ya ndege, Miami kwa ajili ya meli. Wazee wako hicho cha kwanza wamesamehewa. Kilichobaki kwenye ndege ni chanjo. Tangu 8 Novemba 2021 mgeni asiye raia wa Marekani anayeingia kwa ndege lazima awe amekamilisha chanjo, na mpaka mwisho huu wa 2022 ninapoandika sharti hilo liko palepale. Bila cheti hicho hawataiona hata hiyo meli, watarudishwa kaunta ya KIA.

Hapa kwenye cheti naomba ukae na wazee wako mezani, pasipoti ikiwa mkononi. Mama yangu alichanjwa Agosti 2021, baada ya Rais Samia kuzindua chanjo 28 Julai. Ilikuwa Janssen, na dozi moja ya Janssen inahesabika kuwa chanjo kamili baada ya siku 14, kwa Marekani na kwa meli tuliyopanda. Siku ile foleni ilikuwa ndefu, muuguzi akamuuliza jina, mama akalitaja kama anavyojulikana kanisani na kijijini, yaani jina lake na la ukoo wa marehemu baba. Pasipoti yake ina majina matatu, na la mwisho ni la baba yake mzazi. Kwenye kadi ya mkono hilo halikumsumbua mtu. Lilipoingia kwenye cheti chenye msimbo wa QR likawa jina la mtu mwingine kabisa, maana ukiskani linatokea jina lisilofanana na pasipoti. Tulirudi kituo alikochanjia tukiwa na pasipoti na kitambulisho cha taifa cha NIDA. Kuna siku tuliambiwa mtandao uko chini, siku nyingine mhusika yuko semina. Lilirekebishwa, lakini ingekuwa ni wiki ya safari tungekwama. Kina mama zetu wengi wana majina ya namna hii mawili, la kwao na la kwa mume, kwa hiyo cheti cha mama yako ndicho uanze nacho. Angalia na tarehe ya kuzaliwa, na namba ya pasipoti kama ipo. Kisha chapisha nakala kadhaa. Simu inazima chaji, na mzee aliyesimama kwenye foleni ya Doha usiku hana muda wa kutafuta picha kwenye WhatsApp.

Kama bado hawajachanja, Desemba inakaribia. Chanjo ya dozi mbili ina muda wake kati ya dozi na dozi, na baada ya hapo siku 14 za kungoja. Usisubiri tiketi ikatwe kwanza.

Mama aliniuliza swali ambalo hata wazee wako watakuuliza: mbona ndege wameacha kupima na meli bado inapima? Nilimwambia habari za Diamond Princess. Februari 2020 meli hiyo iliwekwa karantini Yokohama, Japani, ikiwa na watu zaidi ya 3,700, na zaidi ya 700 walikutwa na Korona. Abiria walifungiwa vyumbani kwa siku 14, wengi wao watu wazima wa umri wa wazee wetu. Kwenye meli mnakula ukumbi mmoja, mnapishana kwenye korido nyembamba, na zahanati ya meli haiwezi kuwa hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi. Mtu akizidiwa katikati ya bahari anangoja bandari. Sisi wa huku kaskazini tunajua msafiri mmoja anavyotosha: mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alishukia KIA 15 Machi 2020, akatangazwa kesho yake. Marekani ilifuta mpango wake maalumu wa Korona kwa meli za utalii 18 Julai 2022, na kuanzia Septemba kampuni kadhaa zikaacha kumpima aliyechanja kwenye safari fupi. Safari ndefu za usiku 16 na kuendelea, na zile zinazovuka Mfereji wa Panama wote, ndizo ambazo mpaka mwisho huu wa 2022 baadhi ya kampuni zimebakiza kipimo. Ya wazee wako ni mojawapo, ndiyo maana barua imewadai na jirani aliyepanda meli ya siku tano Bahama anakwambia hakuulizwa kitu. Wote wawili ni wakweli.

Kipimo cha Moshi sitakieleza sana kwa kuwa hamkihitaji, ila kuna jambo moja lilitusumbua na litakuhusu kwenye karatasi nyingine. Sampuli ilichukuliwa Ijumaa ya tarehe 6 Mei, karatasi ikaandikwa 06/05/2022. Kwetu haina utata. Doha, kwenye geti la ndege ya Miami, mkagua hati aliisoma Kimarekani, mwezi kwanza, akaona kipimo cha tarehe 5 Juni, siku ambayo ilikuwa haijafika. Alituweka pembeni. Mama akawa ananiangalia usoni ajue kama kuna shida. Kilichotuokoa ni stakabadhi ya malipo iliyokuwa na mwezi kwa herufi, niliyokuwa nimeibana nyuma ya pasipoti. Kwa hiyo kokote mnakoandikiwa cheti, barua ya daktari, chochote, ombeni mwezi uandikwe kwa herufi. Na saa ziandikwe za saa 24, maana "4:30" yetu ya asubuhi na ya kwao ziko mbali.

Sasa kipimo cha meli. Dada alituwekea miadi duka la dawa lenye dirisha la kuhudumia magari. Sharti letu lilikuwa siku mbili, meli ilikuwa ya Jumamosi, tukaenda Alhamisi asubuhi. Hukushuka mtu garini. Mfamasia akapitisha kisahani chenye kijiti na kichupa, na yeye akabaki ndani ya kioo akiangalia. Mama alidhani atapimwa kama Moshi, kijiti kipenyezwe mpaka machozi yatoke, akawa ameshafumba macho na kuinua kidevu. Kumbe unajipangusa mwenyewe, pua zote mbili, unazungusha taratibu mwanzoni tu mwa pua, halafu unakitia kijiti kwenye kichupa na kukivunja pale penye alama. Maelezo yanatoka kwenye spika kwa Kiingereza cha haraka. Dada yuko kwenye usukani anamtafsiria kwa Kichaga, mfamasia anarudia, mama kashika kijiti kama sindano ya kushonea, anazungusha, anahesabu kwa sauti. Alifanya vizuri kuliko mimi. Majibu yalikuja kwa barua pepe kabla hatujamaliza kunywa chai, yakiwa na jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, aina ya kipimo na saa ya sampuli.

Mwambie kaka yako aweke miadi mapema, kwa sababu kuelekea Krismasi nafasi huisha, na aingize jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Achague siku ya kwanza au ya pili kati ya zile tatu, asingoje Ijumaa. Kipimo cha haraka kinatosha kama barua imesema kinakubalika. Zaidi ya yote asiseme "nina vipimo vya kujipimia kabatini." Vile vya kujipima nyumbani meli haivikubali mpaka kuwe na msimamizi anayekuona, ana kwa ana au kwa video, na akakutolea cheti. Picha ya kijipande chenye mstari mmoja haimpandishi mtu melini.

Kuna kundi moja linaloumizwa bila sababu, nalo ni waliougua karibuni. Shemeji yangu, mume wa dada, aliugua Machi na alikuwa mzima kabisa Mei. PCR, yaani kile kipimo cha maabara, inaweza kuendelea kuonyesha mabaki ya virusi wiki nyingi baada ya mtu kupona, na mabaki hayo hayaambukizi mtu. Ndiyo maana kukawa na utaratibu wa siku 90: aliyepona ndani ya muda huo anabeba majibu yake ya zamani yaliyoonyesha ana Korona, pamoja na barua ya daktari kwamba amepona, na hapimwi tena. Shemeji alipita hivyo. Kama baba au mama yako ameugua tangu Septemba na alipimwa hospitali, hiyo karatasi itafute sasa hivi, na umuulize kaka yako kama kampuni yao inaipokea.

Na mzungumze mapema, nyumbani, itakuwaje kipimo kikionyesha mmoja anayo. Sisi tulizungumza. Tulikubaliana mama akikutwa nayo mimi nabaki naye kwa dada, wengine wanapanda. Mama hakulipenda wazo hilo, lakini alipojua mpango upo aliacha kuogopa kipimo. Kaka yako asome kipengele cha marejesho: je, wanarudisha hela au wanatoa nafasi ya safari nyingine? Je, na mwenza wake anarudishiwa? Kwa wazee wanaotoka bara jingine nafasi ya safari nyingine haina maana sana, kwa hiyo bima ya safari inayotaja Korona kwa jina ni ya kununua.

Mengine kwa kifupi. Wabebe kadi ya homa ya manjano, kwa kuwa meli itagusa nchi nyingine njiani na baadhi huuliza anayetoka Afrika. Iliyochomwa zamani haijaisha muda, tangu Julai 2016 inatambulika maisha yote. Viza ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, maana watatoka Florida na kuingia tena California, na kila nchi ya njiani muiulizie viza yake kwa pasipoti ya Tanzania. Dawa za presha na sukari zikae kwenye mkoba wa mkononi. Kurudi nyumbani hakuna shida: tangu 17 Machi mwaka huu wa 2022 anayeingia Tanzania akiwa amechanja kikamilifu haulizwi kipimo, anaonyesha cheti kile kile chenye QR.

Ulichoandika kwenye mada ni muhtasari wa barua, na kuna neno sijaliona: kama hizo siku tatu ni kwa kipimo chochote au zimetenganishwa, PCR siku zake na cha haraka siku zake. Mwambie kaka akutumie ukurasa wenyewe, uubandike hapa bila namba ya tiketi wala ya pasipoti, niusome nikuhesabie tarehe.