Madirisha ya kompyuta: maswali yenu na majibu

Naandika ripoti, mara dirisha lingine linanirukia mbele na herufi zangu zinaingia humo. Nakosea wapi?

Hukosei popote, ndugu yangu. Kwangu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote ambayo dirisha linaweza kufanya. Mtu anayeandika nywila huku akitazama kibodi anaweza kuimalizia ndani ya dirisha la soga. Au anabonyeza Enter aanze aya mpya, kumbe amekubali jambo ambalo hata hakulisoma.

Microsoft walianza kulidhibiti katika Windows 98 na Windows 2000: programu iliyo nyuma haijiletei mbele itakavyo, alama yake huko chini ya skrini huwaka na kuzima tu hadi uiitikie. Kwenye Linux yenye X11, mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, watengenezaji wake walitumia saa. Umefungua programu nzito, na wakati inapakia ukarudi kwenye barua yako. Msimamizi wa madirisha, yaani programu inayoyapanga, hulinganisha wakati ulipoifungua na wakati ulipogusa kibodi mara ya mwisho, kisha huliacha dirisha jipya nyuma. KDE, moja ya mazingira ya skrini ya Linux, inakuachia hata uchague ukali wa kizuizi hicho.

Anayekagua ubora afanye jaribio hilohilo: afungue programu nzito, aendelee kuandika mahali pengine. Ikipotea herufi moja, programu isitolewe kwa watu. Moja tu inatosha.

Tunatengeneza programu ya duka. Ikitafuta bidhaa, dirisha linaganda. Tuweke kiwango gani?

Windows husubiri sekunde 5. Programu isipoitika, huandika juu ya dirisha kwamba haijibu. Msiifanye hiyo kuwa shabaha yenu, maana hapo mteja ameshakata tamaa. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 1993 kwamba jibu likija ndani ya sekunde 0.1 mtu huliona la papo hapo, na likipita sekunde 10 mawazo yake huhama. Utafutaji ufanyike pembeni, usishike njia ileile inayochora dirisha. Na hata kazi ikichukua dakika nzima, dirisha lisogezeke na kitufe cha kusitisha kifanye kazi.

Mac nayo inabana madirisha pembeni kama Windows, yaani ukilivuta dirisha hadi ukingoni linajaza nusu ya skrini?

Ndiyo, tangu macOS Sequoia ya mwaka 2024. Windows ilikuwa nayo tangu Windows 7, mwaka 2009.

Nikichomoa skrini ya pili, dirisha linafunguka nisipoliona.

Programu imekumbuka mahali ambapo hapapo tena. Lichague kwa Alt+Tab, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na mshale wa kushoto. Mara nyingi hurudi. Aliyeiandika ndiye mwenye deni: kabla ya kurudisha dirisha mahali pake pa zamani, programu ihakikishe kwanza kwamba sehemu yake ya juu, ile tunayoishika kulivuta, itaonekana kwenye skrini iliyopo.