Mwanangu, sahihi haiazimwi

Chumbageni, Tanga

Mwanangu,

Waalaikumu salaam, na marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, kisha nikausikiliza tena mama yako akiwepo, kwa hiyo usishangae akikupigia. Kama nimekuelewa, meneja wa mradi anataka mirunda iliyoshikilia slabu ya ghorofa ya tatu ing'olewe wiki hii ikafungiwe ya nne. Na anataka ujaze fomu kwamba kyubu za siku ya 7, vile vipande vya zege mnavyovivunja maabara kupima nguvu yake, zimefaulu, wakati hazikufaulu: ulitegemea nguvu ya 16 au 17, ukapata 11. Ulipomwambia, akakujibu kwamba alianza kujenga kabla hujazaliwa. Ukaniuliza, "Baba, ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Zege silijui, mama. Ujana wangu wote umeishia bandarini. Ila uzito naujua, na mabwana wakubwa nawajua.

Tuanze na uzito. Slabu yenu ni ya sentimita 15. Ulipokuwa chuo uliniambia zege ni kama kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Basi kila mita ya mraba ni kilo 360, hapo hajakanyaga mtu wala halijapita toroli. Chumba cha mita nne kwa tano ni tani saba na ushee. Robota moja ya katani ni kilo 250. Kwa hesabu yangu ya gatini, kwa kumwaga ghorofa ya nne huyo bwana anataka kupanga robota 28 na zaidi kwa kila chumba, juu ya sakafu ambayo wewe uliyeipima unasema haijakomaa, na chini yake amekwishaondoa kilichoishikilia. Mie nisiyesoma hapo siweki mzigo.

Lakini kabla hujasimama mbele yake, rudi kwenye hiyo 11 yako. Kyubu zilishindiliwa vizuri? Zilikaa majini au zilisahauliwa juani? Kuna zilizobaki za kupima tena? Mpigie mwalimu wako wa chuo, mwambie namba tu, usimwambie ugomvi. Mkubwa anaweza kuwa na kiburi na bado akawa anasema kweli, nimewaona wa namna hiyo wengi. Ukienda kwake na hesabu isiyo na uhakika, atakuonyesha kosa moja dogo mbele ya mafundi, na siku nyingine ukiwa na haki hakuna atakayekusikiliza.

Ukishajiridhisha, tenganisha mambo mawili ambayo yeye ameyafunga pamoja. Kung'oa mirunda ni amri. Kuandika 17 mahali pa 11 ni uongo, na anautaka kwa mkono wako. Kwenye amri mnaweza kubishana, naye ana cheo cha kukushinda. Kwenye uongo hakuna cha kubishana, hata akupe sababu tamu namna gani.

Enzi zetu meli kubwa hazikuwa zinafunga gatini Tanga kama siku hizi. Zilitia nanga huko nje ghubani, mzigo ukapelekwa na matishari, yale mashua bapa ya mizigo. Msimu mmoja kusi limekaza, mkubwa mmoja wa zamu akamwagiza serahangi wetu, mnyapara wa kikosi chetu, aongeze mzigo kwenye tishari ambalo lilikwishakaa chini. Meli ilikuwa inadai muda wake. Yule mzee hakupandisha sauti. Alichukua kitabu cha zamu, akachomoa kalamu sikioni, akamnyooshea: "Sawa mkubwa. Andika hapa kwamba umeagiza, weka jina na saa, mimi napakia sasa hivi." Bwana akakitazama kitabu, akasema atarudi. Hakurudi. Tishari likaondoka lilivyokuwa.

Nisikufiche lililofuata. Serahangi yule alikaa miaka bila kupandishwa cheo, na zamu za usiku zilikuwa zake. Alipostaafu tulikunywa naye kahawa Ngamiani, na sikuwahi kumsikia akijutia tishari lile. Hela alizijutia, hilo alilisema wazi.

Na kuna kisa cha mbali kidogo ambacho wahandisi mnakijua kuliko mimi, sisi tulikisikia redioni. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, wakafa wote saba waliokuwamo. Usiku wa kuamkia siku hiyo wahandisi wa Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi zake za pembeni, walisema baridi imezidi, mipira ya kuziba maungio itakakamaa, kisirushwe. Wakubwa wa NASA, shirika la anga la Marekani, hawakupenda. Ndani ya kampuni, mkubwa mmoja akamwambia mkuu wa uhandisi avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Akaivua. Lakini mwakilishi wao kule Florida, Allan McDonald, ambaye ndiye aliyetakiwa kutia sahihi, akakataa. Sahihi ikatiwa na bosi wake.

Nimekuletea kisa hiki kwa sababu kukataa kwake hakukuzuia kitu. Usije ukadhani ukikataa wewe mirunda itabaki. Huenda atampata mwingine wa kujaza fomu. McDonald baadaye alisema kweli mbele ya tume iliyochunguza ajali ile, kampuni ikamwondoa kwenye nafasi yake, wabunge wakaingilia, na mwishowe akapewa yeye kusimamia marekebisho ya roketi zile zile. Sikuahidi kwamba na wewe utapata wabunge.

Sasa la kufanya. Nenda kwake ofisini, asubuhi, peke yako, si saiti mbele ya vibarua. Mpe mlango wa kutokea: mwambie kuna kazi gani inayoweza kuendelea chini wakati mnasubiri, mirunda ya kukodi itagharimu kiasi gani kwa wiki mbili. Mkubwa aliyebanwa na tarehe ya mteja mara nyingi hataki uongo, anataka njia. Jioni ile ile mwandikie. Mimi ningeandika hivi:

"Shikamoo mzee. Kama tulivyozungumza leo, majibu ya kyubu za siku ya 7 za slabu ya ghorofa ya tatu ni wastani wa 11, chini ya tulichotegemea, kwa hiyo sijaweza kujaza fomu kwamba zimefaulu. Napendekeza mirunda ibaki mpaka tupate vipimo vingine. Kama umeamua vinginevyo, naomba maelekezo yako kwa maandishi niyaweke kwenye faili."

Basi. Usiandike "nakataa", usimtaje mtu, usitishie. Na usiku wa kwanza usimpelekee mtu nakala, mwache alale nayo. Lakini siku ukiona mtu ameushika mrunda wa kwanza, usiandike tena: mpigie mhandisi mshauri papo hapo, maana mchoro ni wake na majibu yale ana haki ya kuyaona, na waondoe watu chini ya slabu hiyo hata kama utapigiwa kelele. Picha za majibu ya maabara na za kitabu cha saiti ziwe kwako, si kwenye kompyuta ya ofisi tu.

Wala asikudanganye kwamba likitokea la kutokea yeye ndiye atakayejibu. Lile jengo la Mtaa wa Indira Gandhi hapo Dar lilipoanguka Machi 29, 2013 na kuua watu 36, waliofikishwa mahakamani hawakuwa mwenye jengo peke yake, wahandisi walikuwamo. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina jina lako kwenye daftari, na fomu ikitafutwa litaonekana jina hilo hilo.

Akikufukuza, usikae ndani ukilia hadi mwezi uishe. Una siku 30 tu za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, zikipita unaanza kuomba kuongezewa muda, na hiyo ni kesi nyingine. Barua ya kuachishwa usiisaini kwa haraka, na usikubali kuandika kwamba umeacha mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo wanalolipenda.

Kodi yako najua inaisha mwezi ujao. Nimezungumza na mama yako, ya miezi mitatu tutaitoa sisi kwenye ile pesa ya minazi, hivyo likikufika usiwaze pa kulala. Kaka yako usimwambie, naye ana la kwake analolisubiri kwenye pesa hiyo hiyo. Ukishaonana na bwana wako nipigie, lakini baada ya alasiri, asubuhi nipo kwa fundi wa mtumbwi na simu huwa naiacha nyumbani.

Baba yako