Video inarukaruka kwenye skrini ya pili? Tazama kwanza kishale cha mausi

Mkuu, umesema video inateleza vizuri kwenye skrini ya laptopu, ila ukiipeleka kwenye monita ya 4K uliyoiunga kwa HDMI inaanza kurukaruka, na fundi amekushauri uongeze RAM. Usinunue RAM bado. Tatizo hili lilinisumbua karibu mwezi mzima. Nilibadilisha bando, nikafuta draiva na kuziweka upya, wala halikuondoka.

Funga video zote, kisha zungusha kishale cha mausi harakaharaka kwenye laptopu, halafu kwenye monita. Kama kwenye monita nacho kinaruka na kuacha mapengo, basi video haina kosa. Monita inaletewa picha chache kwa sekunde.

Kwangu ndivyo ilivyokuwa. Laptopu yangu ni ya Intel kizazi cha 8, na tundu lake la HDMI ni la kiwango cha 1.4, ambacho kwa picha ya 4K kinaishia 30 Hz, yaani picha 30 kwa sekunde. Monita inamudu 60, na kebo niliyonunua ni ya 2.0, lakini tundu la laptopu ndilo lililokuwa linabana. Mechi iliyorekodiwa kwa fremu (yaani picha) 60 kwa sekunde inapoteza nusu ya fremu zake hapohapo. Krosi ikipigwa unauona mpira unakwenda kwa vituo. Hata filamu, ambazo nyingi ni fremu 24, haziingii sawasawa kwenye 30: katika kila fremu nne, moja inaonyeshwa mara mbili, na kamera ikigeuka taratibu ndipo mtikisiko unapoonekana wazi.

Ingia kwenye mipangilio ya Windows, upande wa skrini, chagua monita ya pili na usome Hz zake. Ukikuta 30, shusha picha iwe 2560 × 1440, kisha chagua 60. HDMI 1.4 inaweza hilo. Maandishi yatapungua ukali kidogo, lakini mimi niliishi hivyo miezi kadhaa bila shida, mpaka nilipopata kebo ya kutoka USB-C kwenda DisplayPort, na sasa napata 4K kwa 60. Kabla hujainunua, soma maelezo ya modeli yako, maana si kila tundu la USB-C linatoa picha.

Sasa, kama kishale kinateleza na video peke yake ndiyo inayokwama, hiyo ni habari nyingine. YouTube ikiachwa ijichagulie ubora, huangalia pia ukubwa wa dirisha. Kwenye laptopu ya 1080p inakuletea 1080p. Ukiijaza monita ya 4K inaweza kupanda hadi 2160p, yaani 4K, na mashine inaelemewa. Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya video, chagua kipengele cha chini kabisa, utaona fremu zilizodondoka (zilizorukwa bila kuonyeshwa) na aina ya kodeki, yaani njia iliyotumika kubana video. Ukiona av01, yaani kodeki ya AV1, na mashine yako ni ya Intel kabla ya kizazi cha 11, chipu ya michoro iliyomo humo haina uwezo wa kuifungua AV1, kwa hiyo kazi yote inaangukia prosesa. Shusha ubora hadi 1080p uone. Hakikisha pia kivinjari hakijazimiwa matumizi ya chipu ya michoro. Mimi niliwahi kuyazima kwa kufuata ushauri wa mtandaoni, na hali ikazidi kuwa mbaya.

Wanaotumia adapta za USB za kawaida kuongeza skrini wajue kwamba nyingi zinamtwika prosesa kazi ya kubana picha. Na wenye kompyuta ya mezani waangalie kebo iwe imechomekwa kwenye kadi ya michoro kama ipo, si kwenye ubao mama.

Ukishapata hizo Hz na idadi ya fremu zilizodondoka, ziweke hapa pamoja na modeli ya laptopu, tuangalie.